Sarafu ya Askari Si Karatasi ya Njia



Tangu MONUC ilipoanzishwa 1999, na MONUSCO kuchukua nafasi yake 2010, askari wa nchi nyingi wamepita katika Kivu ya Kaskazini. Pengine mmoja wao, akiwa anaaga, anakupa mkono, nawe unasikia kitu baridi kimebaki kiganjani: kipande cha shaba cha mviringo, chenye alama ya kikosi chake. Hiyo ni sarafu ya kikosi. Hainunui hata kijiko cha chumvi. Medali ya Umoja wa Mataifa ni kitu kingine, ina kanuni: askari huipata akiisha kutumika siku 90. Sarafu, mkubwa humpa anayetaka kumshukuru.

Desturi hii ina nguvu zaidi katika jeshi la Marekani. Wanasimulia juu ya rubani wa Vita Kuu ya Kwanza aliyeangukia upande wa Wajerumani. Walimnyang'anya karatasi zake zote. Ikabaki sarafu ya kikosi shingoni. Akatoroka amevaa nguo za raia, akafika kwa Wafaransa, nao wakamdhania mpelelezi. Walikuwa tayari kumpiga risasi. Akaonyesha sarafu, mmoja akaitambua alama, wakampa divai. Hakuna hati inayothibitisha hadithi hiyo. Kinachojulikana ni kwamba katika miaka ya 1960 Kikosi cha 10 cha makomandoo kilikuwa na sarafu yake. Na kuna mchezo: mmoja akigonga sarafu mezani, wote waonyeshe zao; aliyeisahau analipia wenzake pombe. (Kwetu ingekuwa kasiksi, na wengine wangeuza mbuzi.)

Nimesoma sheria, na hadithi ya rubani inanisumbua. Watu huisifu sarafu. Lakini bila sarafu angeuawa, naye hana kosa lolote! Ntoto inajua jambo hilo. Tarehe 20 Machi 1993 mauaji yalianza hapa sokoni, yakaenea Walikale na Masisi. Maelfu walikufa. Hawakuulizwa wamefanya nini. Ilitosha kujua ni wa kabila gani.

Katiba ya 2006, kifungu cha 16, inasema mtu ni mtakatifu, na Serikali ina wajibu wa kumlinda. Kifungu cha 30 kinampa kila mtu aliye nchini haki ya kutembea huru. Hakuna mahali inaposemwa uonyeshe alama ya kikosi.

Kwa hiyo ukipewa sarafu, ipokee kama asante. Usiidhanie ahadi ya ulinzi, wala usimvalishe mtoto shingoni. Kwenye barieri, mwenye bunduki anaweza kuisoma vingine: kwamba wewe ni mtu wa upande fulani. Ukienda sokoni chukua karte yako ya mchaguzi, na sarafu iache nyumbani.