Unataka kuacha kulipia king'amuzi? Hesabu kwanza mechi, halafu hesabu watu walioko nyumbani

Kifurushi cha king'amuzi hakijui kama uko duarani. Ukilipia leo ukiwa Geita mjini, kesho ukaondoka kwenda Nyarugusu au Mgusu kwa wiki mbili, siku zinaendelea kukatika huku TV imezimwa. Ukirudi, nusu ya hela imeshaondoka na hujaona hata goli moja.

Kwa mtu anayeishi kwa mgao wa mawe, basi, swali la kuendelea kulipia au kuacha si ubahili. Malipo ya mwezi yanamfaa mwenye mshahara wa mwezi. Mfanyakazi wa mgodi wa GGML Geita au wa Bulyanhulu anaijua tarehe yake. Mchimbaji mdogo, mama lishe wa Kakola na bodaboda wa Katoro hawana tarehe. Duara likitema, hela ipo. Lisipotema, kifurushi kinaisha katikati ya ligi na hakuna wa kumlaumu.

Njia za kuangalia kwa bei nafuu zipo. Tatizo ni kwamba kuna zinazoitwa nafuu ambazo ukizipigia hesabu si nafuu hata kidogo, na ya kwanza kwenye orodha hiyo ni simu unayoisomea habari hii. Tutafika huko.

Kuacha kulipia si kutupa king'amuzi

Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia jijini Dar es Salaam usiku wa Desemba 31, 2012, kisha miji mingine ikafuata mwaka 2013, Mwanza ikiwemo. Tangu hapo, TV ya chogo na antena yake ya zamani havishiki kitu bila king'amuzi. Watu wengi wakachukulia kwamba king'amuzi na malipo ni kitu kimoja. Si kweli.

Kampuni zilizopewa leseni ya kurusha matangazo ya dijitali kwa mitambo ya ardhini, yaani yale yanayopokelewa kwa antena, zinatakiwa kuonyesha chaneli za kitaifa za bure hata kama kifurushi chako kimeisha. Hapo ndipo zinapoingia TBC1, ITV, Channel Ten, EATV na Star TV, ambayo makao yake yako hapo hapo Mwanza. Taarifa ya habari, mijadala, muziki na baadhi ya tamthilia unavipata bila kulipia hata shilingi.

Dishi ni habari nyingine. Agosti 2018, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliziagiza Azam, DStv na Zuku kuondoa chaneli za bure za ndani kwenye ving'amuzi vyao, kwa maelezo kwamba leseni zao hazikuwaruhusu kuzibeba. Waliokuwa na dishi waliamka wakakuta ITV haipo, na kelele zikafika bungeni na vijiweni. Somo la wakati ule bado lina kazi leo: haki ya kuona chaneli za bure ilikuja na leseni ya antena.

Kwa hiyo kabla ya kununua king'amuzi chochote, muulize muuzaji swali moja tu: kifurushi kikiisha, zinabaki chaneli zipi? Akianza kukuzungusha kwa kukutajia chaneli za filamu na katuni, ameshakujibu.

Kuna lingine la kuangalia. Mawimbi ya antena hayapiti milimani, na ukitoka mjini yanafifia. Kabla ya kununua, inua macho uangalie mapaa ya majirani. Kama mtaa mzima una madishi na hakuna antena hata moja, wameshajaribu kabla yako.

Mpira ndio unaolipiwa

Tuseme ukweli: wengi hawalipii chaneli mia. Wanalipia Simba na Yanga.

Mwaka 2021, Shirikisho la Soka Tanzania, TFF, lilisaini na Azam Media mkataba wa miaka 10 wa haki za televisheni za Ligi Kuu wenye thamani ya Sh bilioni 225.6. Mkataba huo uliingiza hela kwenye klabu, zikiwemo ndogo za mikoani. Shabiki wa Geita alifaidi pia. Geita Gold ilicheza Ligi Kuu kuanzia msimu wa 2021/22 hadi iliposhuka mwisho wa 2023/24, na msimu wake wa kwanza mshambuliaji wake George Mpole akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 17. Magoli yale yalionekana nchi nzima kwa sababu kulikuwa na kamera uwanjani.

Upande wa pili wa mkataba huo ni kwamba mechi za ligi haziwezi kuonekana bure kwenye chaneli nyingine. Ukitaka picha, kuna mtu atalipia: wewe, jirani yako, au mwenye kibanda.

Sasa hesabu. Ligi ina timu 16, kila timu inacheza mechi 30. Msimu unakaribia miezi 10. Kama wewe ni mtu wa Simba tu, au wa Yanga tu, ni wastani wa mechi tatu za ligi kwa mwezi. Ukizifuata zote mbili ni mechi 58 kwa msimu, kwa kuwa mara mbili zinakutana zenyewe. Hiyo ni kama sita kwa mwezi. Ongeza mechi za Afrika na Kombe la Shirikisho, bado hazijai vidole vya mikono miwili.

Chukua mfano wa kifurushi cha Sh 25,000 kwa mwezi. Mtu wa timu moja anayeangalia mechi tatu analipa zaidi ya Sh 8,300 kwa kila mechi. Hakuna kibanda umiza Kahama kinachoweza kutoza hivyo kikabaki na mtu ndani.

Kibanda umiza: mshindi, ila kuna gharama haijaandikwa mlangoni

Kibanda kikitoza Sh 1,000, mechi tatu ni 3,000. Kikitoza 500, ni 1,500. Kwa kijana anayeishi peke yake geto, au mchimbaji aliyeko kambini, hakuna njia nyingine ya kisheria ya kuona picha inayokaribia hapo. Na shangwe ni za bure.

Lakini hesabu ya mlangoni haina soda ndani yake. Haina karanga, haina mishikaki ya kusubiria dakika za nyongeza, wala haina mkeka ambao umeuchana kabla ya mapumziko. Ukitoka na 5,000 kwenda kuangalia mechi ya 500, ujue umelipa 5,000.

Kuna gharama nyingine inayobaki nyumbani. Baba akihamishia mpira wake kibandani na kuacha kulipia king'amuzi, mpira wake hajaupoteza. Waliopoteza ni mama na watoto waliokuwa na tamthilia yao ya jioni. Hapo tumebana matumizi ya nani?

Ndiyo maana hesabu ya mechi peke yake haitoshi. Kile kifurushi cha 25,000 ukikigawa kwa siku 30 ni kama Sh 830 kwa siku. Nyumba yenye watu wanne wanaoangalia kila jioni inalipa kama Sh 210 kwa mtu. Hiyo ni nafuu kuliko kibanda chochote. Kwa nyumba ya namna hiyo kuacha kulipia ni hasara, labda kama chaneli za bure zinawatosha. King'amuzi ni ghali kwa mtu mmoja anayesafiri. Kwa familia inayoshinda nyumbani hadithi inageuka.

Katikati ya hawa wawili kuna njia ambayo watu wanaisahau: kupunguza muda badala ya kupunguza chaneli. StarTimes, kwa mfano, ina vifurushi vya siku na vya wiki. Bei ya siku ukiizidisha kwa 30 inapita ya mwezi, ndivyo biashara ilivyo. Lakini mtu anayekaa nyumbani siku nane kwa mwezi hana sababu ya kuzidisha kwa 30.

Simu: hapa ndipo wengi wanapigwa

"Mimi naangalia kwenye simu, bure tu." Si bure. Unalipa kwa bando, na kwa kuwa bando linaisha kimyakimya, huoni risiti.

Mwaka 2022 serikali ilieleza kwamba bei elekezi ya bando ni kati ya Sh 2.03 na Sh 9.35 kwa MB moja. Sasa angalia video inakula kiasi gani. Netflix wenyewe wanasema picha ya kiwango cha chini kabisa inatumia kama GB 0.3 kwa saa, ya kati GB 0.7, na ile ya HD inaweza kufika GB 3. Mpira wa moja kwa moja una makadirio yanayokaribia hayo.

Mechi pamoja na mapumziko ni kama saa mbili. Kwa kiwango cha kati ni GB 1.4, yaani kama MB 1,400. Ukizidisha kwa bei ya chini kabisa, Sh 2.03, unapata karibu Sh 2,850. Kwa mechi moja! Mechi nane ni karibu Sh 22,700, na hapo unakaribia kile kifurushi cha mwezi ulichokikimbia, tena kwenye kioo cha inchi sita. Na hiyo ni bei ya chini. Bando dogo la siku ndilo lenye MB za bei ya juu, na ndilo analonunua mtu mwenye 1,000 mfukoni.

Kushusha picha hadi kiwango cha chini kunaleta mechi kwenye Sh 1,200 hivi. Mpira utauona, namba mgongoni hutaiona. Na hii yote ni gharama ya intaneti tu. Programu ya AzamTV Max ina malipo yake juu ya bando.

Simu ina faida kwa vitu visivyo na haraka. Magoli ya dakika tano YouTube, tamthilia iliyoshushwa usiku kwa bando la usiku, filamu uliyoihifadhi ukiwa sehemu yenye WiFi ukaenda kuiangalia kambini ambako mtandao unasumbua. Mechi ya moja kwa moja kila wiki, hapana.

Na kama shida ni kujua kinachoendelea, redio bado ipo. TBC Taifa hutangaza mechi za Ligi Kuu, na kwa simu ya kitochi yenye FM unasikiliza bila kutumia hata MB moja. Ukiwa kwenye mialo na mikono ina tope, redio inakufaa kuliko chochote chenye kioo.

Kebo, flash na "app za bure"

Kebo ya mtaani, ile ya waya unaovutwa kutoka nguzo hadi nguzo, inaweza kuwa nafuu kwa sababu hununui dishi wala king'amuzi. Muulize mwenyewe kama ana leseni ya TCRA. Asiyekuwa nayo akikatiwa, aliyelipa miezi mitatu mbele ndiye anayebaki anatazama waya.

Flash ya filamu zilizotafsiriwa, utamaduni tuliourithi toka enzi za kanda za Lufufu, inaokoa hela nyingi kwa anayependa filamu kuliko mpira. Ila kunakili kazi ya mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na malalamiko yake hupelekwa COSOTA. Wasanii wa Bongo Movie wamelia na jambo hili kwa miaka mingi, na wana haki ya kulia.

Hatari zaidi ni programu za kuonyesha mechi zote bure, zinazosambazwa kwa link kwenye Telegram na WhatsApp. Kwanza, hazikuokolei bando; zinakula MB zile zile, ukijumlisha na matangazo. Pili, kwa kuwa haziko Play Store, unapoziweka simu inakuonya, na wengi wanabonyeza "ruhusu" bila kusoma. Programu ya kuangalia mpira haina sababu ya kuomba kusoma SMS zako. Ikipewa ruhusa hiyo inaweza kuona namba za uthibitisho zinazotumwa kwako, na simu hiyo hiyo ndiyo yenye hela yako ya M-Pesa au Airtel Money.

Kama tayari umeiweka, fungua mipangilio ya simu, ingia kwenye programu, angalia imepewa ruhusa gani, kisha uifute. Halafu badilisha namba ya siri ya akaunti yako ya pesa kabla ya mechi ya wikiendi.