Kusimamisha, Kuzima na Kufuta: Hatua za Kwanza za Kuamrisha Seva za Mbali kwa Programu

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mtu anavyoweza kuanza kutumia seti ya zana za kuundia programu ili kusimamia mitambo ya kompyuta iliyo mbali naye, mitambo ambayo siku hizi huitwa kwa pamoja "wingu". Mfano utakaotumika ni wa mwanafunzi aliyeketi mbele ya kompyuta yake Hurlingham, Nairobi. Mtaa huo hauko mbali na Barabara ya Ngong, ambako mwaka 2010 kituo cha iHub kilifunguliwa katika jengo la Bishop Magua, kikawa mahali pa kukutania waundaji programu wa mji huo. Zana zenyewe ni boto3, ambazo hutumiwa kwa lugha ya programu ya Python kuamrisha mitambo ya kampuni ya Amazon. Jina "boto" ni la pomboo wa maji baridi anayeishi katika mto Amazon.

Pamoja na hatua hizo, litachunguzwa suala moja la msamiati. Katika kazi hii, kutoelewa barabara maana ya kitenzi kimoja kunaweza kumtia mtu deni.

2. Wingu na zana zake

Neno "wingu" lisimpotoshe msomaji. Hakuna kinachoelea angani. Kuna majengo yaliyojaa kompyuta, nyaya na mitambo ya kupozea joto, na mwenye majengo hayo hukodisha nguvu za kompyuta zake kwa muda. Amazon ilianza biashara hii mwaka 2006, na huduma yake ya kukodisha seva, EC2, iliundwa na kikundi cha wahandisi waliokuwa wakifanya kazi Cape Town, Afrika Kusini.

Mpangaji anaweza kutoa amri zake kwa kubonyeza vitufe katika kurasa za intaneti. Njia hiyo yatosha kwa seva moja. Zikiwa 20, kazi huchosha na makosa huzidi, wala hapabaki maandishi ya kuonyesha kilichofanywa. Seti ya zana humwezesha mpangaji kuziandika amri katika programu, ili ziweze kusomwa, kusahihishwa na kurudiwa. Kila amri hugeuzwa kuwa ombi, ombi hutiwa sahihi kwa ufunguo wa siri, hupelekwa kwenye mitambo, kisha jibu hurudi.

3. Hatua za mwanzo

Hatua ya kwanza ni funguo. Ufunguo una sehemu mbili: kitambulisho na siri. Siri huonyeshwa mara moja tu, wakati ufunguo unapoundwa. Hapana budi ihifadhiwe nje ya programu, katika faili la mipangilio lililo kwenye kompyuta ya mwenyewe. Anayeiandika ndani ya programu, kisha akaiweka programu hiyo mahali pa hadhara, huwa amewapa wezi uwezo wa kukodi seva kwa jina lake. Aidha, haifai kutumia ufunguo wa mwenye akaunti, wenye mamlaka yote. Yafaa kuunda mtumiaji mwenye ruhusa chache tu zinazohitajika, na ikiwezekana kutumia funguo za muda, ambazo huisha nguvu zenyewe.

Hatua ya pili ni kuchagua mahali. Kutoka Nairobi hadi Cape Town, ambako Amazon ilifungua kituo mwaka 2020, ni takriban kilomita 4,000. Hadi kituo cha Ireland ni zaidi ya kilomita 7,000. Mwanga husafiri ndani ya nyaya za kioo kwa kasi ya kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Kwa hiyo kwenda Cape Town na kurudi hakuwezi kuchukua chini ya sehemu 40 za elfu za sekunde, hata kama nyaya zingenyooka. Tena bei hutofautiana baina ya vituo. Sheria nayo ina neno lake: Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inaweka masharti kwa anayepeleka habari za watu binafsi nje ya nchi.

Hapa pana kikwazo kimoja. Kituo cha Cape Town hakiwi wazi kwa kila akaunti tangu mwanzo. Mwenye akaunti hana budi kukifungua kwanza katika mipangilio. Asiyelijua jambo hili huona ombi lake limekataliwa, akadhani ufunguo wake ni mbovu.

Hatua ya tatu ni kuuliza kabla ya kuamuru. Ombi la kwanza liwe la kuorodhesha vilivyopo, kwa kuwa halibadilishi kitu. Ikumbukwe kwamba orodha ya seva huhusu kituo kimoja tu kilichoulizwa: seva iliyoundwa Ireland haitaonekana katika orodha ya Cape Town. Baada ya hapo, mwanafunzi aweza kuomba seva kwa namna ya majaribio. EC2 hukubali ombi la namna hiyo, nayo hujibu kama ruhusa ipo au haipo, pasipo kuunda chochote.

4. Suala la kitenzi "simamisha"

Programu ya kawaida ikimalizika, kazi yake kwa kawaida humalizika nayo. Programu inayoamrisha wingu ni tofauti, kwani huacha nyuma yake kitu kinachoendelea kuwapo. Umeme ukikatika Hurlingham na kompyuta ya mwanafunzi ikazimika, seva aliyoiunda Cape Town haina habari. Huendelea kufanya kazi, na gharama zake huendelea kuhesabiwa kwa dola.

Ndiyo maana vitenzi vya kumaliza kazi vina uzito. Kitenzi "simamisha", kauli ya kutendesha ya "simama", kina maana mbili zinazopingana. Kusimamisha nguzo ni kuiinua, ilhali kusimamisha gari ni kulizuia lisiendelee. Mwalimu anayesema "simamisha seva" aweza kueleweka kuwa ameagiza iundwe, au kuwa ameagiza ikome. Hata anayefahamu maana ya pili huenda akadhani kwamba seva iliyokoma haina gharama tena.

Mitambo yenyewe hutofautisha mambo mawili. La kwanza ni kuikomesha seva kwa muda: malipo ya seva hukoma, bali diski yake hubaki na huendelea kulipiwa. La pili ni kuiondoa kabisa. Hapo diski iliyobeba mfumo wa seva kwa kawaida huondolewa pamoja nayo, lakini diski zilizoongezwa baadaye aghalabu hubaki mpaka zifutwe moja moja.

Kiswahili kina maneno ya kutosha kubainisha haya pasipo kukopa. "Kuunda" kwaweza kutumika kwa kuanzisha seva mpya. "Kuzima" kwafaa kwa kukomesha kwa muda, kwa kuwa taa iliyozimwa bado ipo na yaweza kuwashwa tena. "Kufuta" kwafaa kwa kuondoa kabisa, kama yafutwavyo maandishi ubaoni. "Simamisha" ni bora kuachwa katika mafunzo ya fani hii, ingawa "kusimamia", la mzizi uleule, lafaa kwa kazi nzima.

5. Hitimisho

Anayeanza hana haja ya kujua amri zote za boto3. Inamtosha kuweka ufunguo wake salama, kuchagua kituo kwa sababu anayoijua, kuorodhesha vilivyopo, kuunda kitu kimoja, kukizima, kukifuta, kisha kuorodhesha tena seva na diski katika kila kituo alichokitumia. Orodha hizo zikirudi bila alichokiunda, zoezi limekamilika. Programu ya kufuta na iandikwe siku ileile inapoandikwa programu ya kuunda.