KUNG'ARISHA MAGURUDUMU YA ALUMINI BILA KUUMIA



Katika njia kuu itokayo Mombasa, ikapita Malaba na Busia hadi Kampala na kuendelea mpaka Kigali, malori yenye magurudumu ya alumini yanaonekana kila siku. Magari madogo yaliyotumika yanayoletwa kutoka Japani nayo mengi yana rimu za namna hiyo. Mwenye gari hupenda ziwake kama kioo. Lakini anayeziwakisha ni mfanyakazi: mwoshaji, utingo, fundi wa gereji, kijana mwenye ndoo na tambara kando ya barabara.

Kazi hii ikifanywa vizuri ni ufundi wa heshima na unalipa. Ikifanywa vibaya huharibu gurudumu, na jambo kubwa zaidi ni kwamba yaweza kumlemaza au kumwua anayeifanya. Kwa hiyo tunaeleza hapa mambo mawili kwa pamoja: jinsi ya kurudisha mng'aro, na jinsi ya kurudi nyumbani na mikono mizima.

ALUMINI NI KITU CHA NAMNA GANI

Alumini ni nyepesi. Uzito wake ni kama theluthi moja tu ya uzito wa chuma. Magurudumu mengi ya magari madogo humiminwa katika kalibu, alumini ikiwa imechanganywa na silikoni na magnesiamu kidogo. Yale ya malori makubwa mara nyingi hufuliwa kwa mashine za kukandamiza zenye nguvu nyingi. Kampuni ya Alcoa ya Marekani ilianza kutengeneza magurudumu ya kufuliwa ya malori mwaka 1948. Wenye malori huyapenda kwa sababu uzito uliopungua kwenye magurudumu waweza kuongezwa kwenye shehena bila kukamatwa mizanini.

Alumini haishiki kutu nyekundu kama chuma. Ikikutana na hewa hujifunika mara moja kwa ganda jembamba sana, jembamba kuliko unywele mara elfu nyingi. Ganda hilo ndilo ngao yake. Lakini ngao hiyo ina maadui wawili: tindikali kwa upande mmoja, na magadi makali kwa upande wa pili. Chochote kikali cha pande hizo mbili hulila ganda, kisha huanza kuila alumini yenyewe. Chumvi nayo hutoboa vishimo vidogo vidogo, na ndipo unapoona unga mweupe juu ya rimu.

Uchafu unaoshika zaidi ni vumbi la breki. Vumbi hilo lina chembe za chuma zilizotoka zikiwa na moto, zikagandamana na rimu. Zikikaa wiki nyingi kwenye unyevu hushika kutu, zikaacha madoa ya kahawia ambayo sabuni peke yake haiyatoi kwa urahisi.

KWANZA LIJUE GURUDUMU

Kosa la wengi ni kuanza kusugua kabla ya kujua wanasugua nini. Magurudumu ya alumini si ya aina moja. Yako yaliyosuguliwa na kuachwa wazi. Yako yaliyofunikwa kwa vanishi isiyo na rangi. Yako yaliyopakwa rangi. Na yako yaliyopakwa kromu.

Kuna jaribio rahisi. Chukua tambara safi jeupe, tia polishi ya madini kidogo, kisha sugua mahali padogo pasipoonekana. Tambara likiwa jeusi, hapo alumini iko wazi. Likibaki bila weusi, gurudumu limefunikwa, na unachosugua si alumini bali ni vanishi. La namna hiyo lioshwe kwa sabuni laini na kupakwa nta, basi. Ukilipiga msasa utaikwaruza vanishi, maji yataingia chini yake, na baada ya muda utaona nyuzi nyeupe zinatambaa kama njia za minyoo. Vanishi ikishaanza kubanduka hakuna polishi itakayoiponya. Hapana budi yote iondolewe, gurudumu lisuguliwe upya na lipakwe tena. Mweleze mwenye gari hivyo kabla hujaanza, msije mkagombana kwenye malipo.

HATUA ZA KAZI

1. Ngoja gurudumu lipoe, na ufanye kazi kivulini. Kwenye gurudumu la moto sabuni au dawa hukauka kabla ya kufanya kazi yake, ikaacha mabaka. Tena mvuke wake hupanda moja kwa moja puani mwako.

2. Mwagia maji mengi ili kuondoa mchanga na kulowesha vumbi la breki. Usilipulize kwa kompresa wala usilifagie kavu. Breki za aina nyingine zimetengenezwa kwa asbesto, na kwa macho huwezi kujua zipi ni zipi. Nyuzi za asbesto huingia mapafuni na huleta kansa baada ya miaka mingi. Vumbi lililoloa haliruki.

3. Osha kwa sabuni laini na brashi isiyo ngumu, gurudumu moja baada ya jingine. Ndoo ya magurudumu iwe mbali na ndoo ya bodi, kwa maana chembe za chuma zitakwaruza rangi ya gari. Suuza kila gurudumu kabla ya kwenda kwa jingine, kisha kausha.

4. Kama alumini iko wazi na imefanya unga mweupe au imekwaruzika, tumia msasa wa maji. Anza na namba 400 ikiwa imeharibika sana, halafu 600, 800, 1000 na 1500. Kila namba isugue kwa kukata mistari ya ile iliyotangulia, na usiende mbele mpaka mistari ya zamani imekwisha. Hapa ndipo mng'aro hupatikana au hupotea. Polishi haiwezi kuficha mikwaruzo ya msasa wa 400. Itaing'arisha tu ionekane zaidi.

5. Paka polishi kidogo, sehemu ndogo kwa wakati mmoja. Sugua mpaka iwe nyeusi, kisha ipanguse kwa tambara safi kabla haijakauka. Rudia kwa tambara jingine. Weusi huo ni alumini yenyewe inayotoka, kwa hiyo usisugue kupita kiasi.

6. Malizia kwa nta nyembamba. Alumini iliyo wazi itafifia tena. Nta huchelewesha tu. Kuosha kwa sabuni mara kwa mara hufaa kuliko kusugua kwa nguvu mara moja kwa mwaka.

Usitumie brashi ya nyaya za chuma. Huacha chembe za chuma ndani ya alumini, nazo zitashika kutu. Usitumie kostiki soda wala maji ya betri. Usisage wala kupaka rangi mahali gurudumu linapokaa kwenye habu, wala pale nati zinapokalia. Rangi ikiwa hapo, nati hulegea baadaye safarini.

Aidha, saa ya kung'arisha ni saa ya kukagua. Tazama nyufa kuzunguka matundu ya nati na matundu ya hewa. Michirizi ya kutu au uchafu inayotoka kwenye nati mara nyingi ni dalili kwamba nati zimelegea. Ukiona ufa, usiufunike kwa polishi, mwambie dereva. Na kama gurudumu lilifunguliwa, nati zikazwe kwa spana ya kipimo, kisha zikaguliwe tena baada ya kilomita 80 hadi 160.

DAWA INAYOFANYA KAZI BILA KUSUGUA

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike. Ziko dawa za kuwakisha alumini ambazo ukizinyunyiza tu, uchafu unatiririka na madini yanameta. Mwenye karakana huzipenda kwa sababu gurudumu linakwisha kwa dakika chache. Nyingi za dawa hizi zina asidi haidrofloriki, au chumvi zinazoizaa.

Asidi hii si kama tindikali nyingine. Tindikali ya kawaida huunguza ngozi na unasikia papo hapo. Hii, ikiwa imezimuliwa, yaweza kupita kwenye ngozi bila kuumiza kwanza. Mfanyakazi huenda nyumbani, na maumivu makali huanza baada ya saa kadhaa, hata usiku wa manane. Ndani ya mwili asidi hukamata kalisi iliyo katika damu na mifupa. Kidole chaweza kuoza. Ikiingia kwa wingi, moyo hupoteza mapigo na mtu hufa.

Haya si maneno ya kutishana. Katika jimbo la Washington nchini Marekani, wakaguzi wa afya walihesabu wafanyakazi 48 walioungua kwa asidi hii katika kazi ya kuosha magari na malori kati ya mwaka 2001 na 2013. Saba walilazwa hospitali, na wawili wakapasuliwa. Mwoshaji mmoja wa malori alikufa baada ya dawa hiyo kuingia tumboni mwake. Ikiwa hayo yametokea kwenye nchi yenye lebo na wakaguzi, tufikirie hapa kwetu, ambako dawa huuzwa kwa kumiminwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, bila jina wala onyo.

Isitoshe, mng'aro wenyewe ni wa udanganyifu. Asidi haikung'arisha kitu. Imekula uso wa alumini. Uso ulioliwa una vishimo, na vishimo hushika uchafu upesi zaidi. Mwenye gari atarudi mapema, na mfanyakazi ataishika tena asidi ile ile.

Basi kabla ya kushika dawa yoyote, soma lebo. Ukiona herufi HF, au neno lenye herufi FLUOR ndani yake, au namba UN 1790, jua ni hiyo. Dawa isiyo na lebo usiiguse. Ikikumwagikia, vua nguo zilizoloa na osha kwa maji mengi mara hiyo hiyo, kwa muda wa dakika 15 au zaidi, hata kama huumwi. Kisha pakwa jeli ya kalisi glukoneti ikiwa ipo, na nenda hospitali pamoja na chupa au lebo, ili daktari ajue anatibu nini. Ikiingia machoni, ni maji tu bila kukoma mpaka ufike kwa daktari. Usingoje kesho.

MOTO WA VUMBI LA ALUMINI

Wanaotumia mashine za kung'arisha wana hatari nyingine. Kipande cha alumini hakiwaki kwa urahisi, lakini vumbi lake likienea hewani hulipuka kama baruti. Tarehe 2 Agosti 2014, katika mji wa Kunshan nchini China, kiwanda kilichokuwa kikisugua magurudumu ya alumini kililipuka wafanyakazi wakiwa kwenye zamu ya asubuhi. Kwa hesabu ya mwisho walikufa watu 146. Uchunguzi wa serikali ulionyesha kwamba vumbi lilikuwa limelundikana bila kusafishwa, likapata unyevu, likajipasha moto lenyewe. Kabla ya hapo, mwezi Oktoba 2003, vumbi la alumini lililipuka kwenye kiwanda cha magurudumu huko Huntington, Indiana, Marekani, na mfanyakazi mmoja akafa.

Kwa hiyo: vumbi liondolewe kila siku, lisikae juu ya boriti na mashine. Mashine inayosugua alumini isitumike kusaga chuma, kwa maana cheche za chuma ni kiberiti. Vumbi la alumini likishika moto usilimwagie maji. Lifunike taratibu kwa mchanga mkavu.

TUDAI NINI

Mkataba namba 170 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1990 unasema kemikali za kazini ziwe na lebo, na wafanyakazi wapewe maelezo ya hatari zake. Unasema pia kwamba mfanyakazi ana haki ya kujiondoa kwenye hatari kubwa iliyo karibu bila kuadhibiwa. Mwezi Juni 2022 Shirika hilo liliweka usalama na afya kazini miongoni mwa haki za msingi za kazi.

Wajumbe wetu wa matawi, yapelekeni mambo haya kwenye meza ya mazungumzo na waajiri:

(a) Dawa zenye asidi haidrofloriki ziondolewe. Sabuni, msasa na polishi vinatosha. Kinachotakiwa ni muda, na muda huo ulipwe.

(b) Dawa isihamishiwe kwenye chupa isiyo na lebo.

(c) Mwajiri atoe glavu za kuzuia kemikali, miwani ya kukinga macho, aproni na mabuti ya mpira, bila kukata mshahara.

(d) Maji yanayotiririka yawe karibu na kila mahali pa kuoshea.

(e) Dawa hizo zikiwa bado zipo, jeli ya kalisi glukoneti iwepo sandukuni, na wote wajue kuitumia.

Na kwa wenzetu wanaoosha kando ya barabara bila mwajiri: unganeni mkubaliane bei moja ya kazi ya mkono. Kijana anayesugua kwa saa moja akilipwa sawa na yule anayenyunyiza asidi kwa dakika tano, wote wataishia kwenye asidi. Mkikataa kwa pamoja, mwenye gari atalipa, kwa kuwa bado anataka rimu zake ziwake.