Kukaanga kahawa nyumbani: sufuria, mashine ya bisi au uongeze hela?

Anayenunua kahawa ya pakiti analipia vitu vinne: buni, kazi ya kukaanga, pakiti na faida ya mwenye duka. Anayekaanga mwenyewe analipia buni na moto tu. Ndiyo maana wapenzi wa kahawa wamezitupia macho mashine ndogo za mezani za kutengenezea bisi, zile zinazotumia hewa ya moto bila mafuta. Hewa inayorusha mahindi hurusha na buni, na ndani ya dakika chache kahawa imeiva.

Fundi naye yuko tayari kuifungua mashine yako na kuiongezea swichi "ili ikae kitaalamu". Kabla hujatoa hela, tupige hesabu.

Kilo moja inakugharimu kiasi gani

Buni hupungua uzito motoni, kwani maji hukauka na makapi hupeperuka. Kahawa ya rangi ya wastani hupoteza takriban asilimia 15. Ukiichoma hadi iwe nyeusi, inakaribia 20. Kwa hiyo kilo ya buni inakupa gramu 850 za kunywa. Muuzaji hatakukumbusha hilo.

Tuchukulie buni ni sh 14,000 kwa kilo. Wewe weka bei ya kwako. Baada ya upungufu huo, kilo ya kahawa iliyokaangwa imekusimamia sh 16,500 hivi.

Umeme si tatizo. Mashine ya wati 1,200 ikiwaka dakika sita inakula uniti 0.12, na kila awamu inabeba gramu 80 hivi za buni. Kilo nzima ya buni ni awamu kumi na mbili au kumi na tatu, sawa na uniti 1.5. Kwa mteja wa T1 (kundi la matumizi ya kawaida) wa TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, anayelipa karibu sh 357 kwa uniti kodi zikiwemo, hiyo ni sh 535. Uliye D1, kundi la matumizi madogo, uwe macho: ukivuka uniti 75 kwa mwezi, kila uniti ya ziada ina bei kali.

Jumla, ukiuhesabu upungufu uleule kwenye umeme, ni kama sh 17,100 kwa kilo iliyokaangwa. Ikiwa robo kilo dukani ni sh 9,000, kilo ni sh 36,000. Umeokoa karibu sh 19,000. Nyumba inayotumia gramu 30 kwa siku, yaani gramu 900 kwa mwezi, inabakiza sh 17,000 hivi kila mwezi. Hizo ndizo hela za kulipia kifaa chochote utakachonunua.

Sufuria au kikaango kizito

Bei: sifuri, maana unacho. Kitafute kile cha chuma au chenye kitako kinene. Sufuria nyembamba inaunguza buni upande mmoja na kuziacha mbichi upande wa pili.

Robo kilo inachukua dakika 15 hadi 20 juu ya moto wa wastani, huku unakoroga bila kupumzika. Kilo moja unaimaliza kwa saa moja na kidogo. Mashine ya bisi, ukihesabu muda wa kuiacha ipoe kati ya awamu, inaweza kukula saa tatu.

Kasoro zake ni mbili: mkono utachoka, na rangi ya punje haitalingana. Kwa kahawa ya birika au ya maziwa hutasikia tofauti kubwa. Kazi ifanyie uani, maana moshi hukaa kwenye mapazia.

Mashine ya bisi kama ilivyotoka dukani

Hapa rangi inalingana na makapi yanapeperushwa yenyewe. Utasikia punje zikipasuka kwa sauti kama bisi zinapofika takriban nyuzi 196 za Selsiasi. Hapo kahawa tayari inanyweka. Ukisubiri mlio wa pili, mdogo na wa haraka haraka, unaingia kwenye kahawa nyeusi na chungu. Zima kabla haujashamiri, mwaga kwenye ungo na upepee.

Lakini si kila mashine inafaa. Dukani, iinamie uchungulie ndani. Ukiona matundu ya hewa yamepangwa ubavuni mwa kopo, yakizungusha hewa, hiyo chukua. Ukiona wavu kwenye kitako na hita chini yake, iache. Makapi ya kahawa yataanguka kwenye hita na kushika moto.

Kisha geuza usome kibandiko. Mashine nyingi zilizotumika zinazotoka Marekani ni za volti 120. Ukizichomeka kwenye volti 230 za kwetu, zinaungua papo hapo. Transfoma inayobeba wati 1,200 ni nzito na ghali, na inaweza kupita bei ya mashine yenyewe. Urahisi wa mashine hiyo umeishia hapo.

Muombe muuzaji aiwashe. Feni ikikwaruza au ikizunguka kwa uvivu, buni hazitaruka, maana ni nzito kuliko bisi zilizokwisha kupasuka.

Umeme wa mtaani kwako nao una neno. Ukishuka kutoka volti 230 hadi 200, moto wa hita unapungua karibu robo, na feni inalegea. Kahawa itachelewa kupasuka na itatoka imepooza, haina ladha. Kama kwenu taa hufifia kila jioni, kaanga asubuhi au baki na sufuria.

Jambo jingine ni uimara. Mashine hii iliundwa kuwaka dakika chache kwa ajili ya bisi. Kuiwasha dakika sita, mara kumi na mbili mfululizo, ni kuimaliza. Kifuniko cha plastiki ndicho hulegea kwanza. Badala yake watu huweka kopo la bati lililokatwa pande zote mbili. Na usitegemee waranti ukirudisha mashine inayonuka kahawa.

Mashine iliyofunguliwa na fundi

Katika mashine ya kawaida feni na hita vinatumia njia moja ya umeme. Mota ya feni ni ya volti ndogo, ina diodi nne mgongoni, na umeme wake unapitia kwenye sehemu ya koili ya hita. Ndiyo maana huwezi kupunguza moto bila kulegeza na feni.

Fundi anavitenganisha. Feni inapewa adapta yake, hita inapewa swichi ya kupunguza moto. Ukiongeza kipimajoto, unaweza kukaanga polepole na kurudia ladha ileile wiki ijayo. Faida hiyo ni ya kweli, lakini ni ya ladha. Bei ya kilo haishuki hata shilingi.

Gharama zinaingia kimyakimya: adapta yenye nguvu ya kutosha, swichi inayobeba wati zote (ile ya kufifisha taa itaungua), nyaya zinazostahimili joto, kipimajoto na ufundi. Tuseme sh 70,000. Kama mashine ni sh 80,000, umetoa sh 150,000. Kwa nyumba yetu ya gramu 900 kwa mwezi, mashine tupu inajilipa kwa miezi mitano hivi. Iliyofunguliwa inasubiri karibu miezi tisa, ikiwa itafika.

Fundi akikuambia anairuka fyuzi ya joto kwa sababu "inakata kata", chukua mashine yako uondoke. Hiyo ndiyo inayozuia nyumba kuungua.

Mashine maalumu ya kukaangia

Za mezani zinazobeba gramu mia moja hadi robo kilo hutoka nje. Juu ya bei yake weka usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18. Kwa mtu wa kilo moja kwa mwezi, haina maana.

Gharama zilizojificha kwenye buni

Uliza unauziwa nini. Kahawa ya ngozi huonekana rahisi, ila ikikobolewa inapoteza karibu asilimia 20 ya uzito, na kukoboa kuna malipo yake. Ndipo uikaange, ipungue tena. Kwa matumizi ya nyumbani nunua iliyokwisha kukobolewa.

Usilipie herufi. AA, A na B ni ukubwa wa punje, si ladha. B iliyochambuliwa vizuri inakaangika sawasawa na ni nafuu. Chota kiganja utazame: mawe, punje nyeusi na zilizovunjika zote unazilipia kwa uzito.

Kama ulizoea kahawa ya unga, utahitaji kifaa cha kusagia. Kinu na mchi vinatosha kuanzia.

Buni ikikaa pakavu inadumu miezi sita hadi mwaka. Iliyokaangwa huanza kuchuja baada ya wiki mbili hadi nne, na mapema zaidi kwenye unyevu wa pwani. Hivyo nunua buni nyingi, kaanga kidogo kidogo.

Uamuzi

Huna hela ya ziada: sufuria, anza wiki hii.

Unakunywa kahawa tupu isiyo na maziwa na umeme wenu umetulia: mashine ya bisi ya volti 230 yenye matundu ya ubavuni, usiifungue.

Unakaanga kila wiki kwa mwaka mzima na bado unataka ladha bora: hapo mwite fundi. Kabla ya hapo, zile sh 70,000 zinanunua kilo tano za buni, kahawa ya zaidi ya miezi minne.