Umbali na Muda wa Safari kati ya Kidatu na Ifakara

Sehemu hii inafafanua tofauti kati ya umbali na muda wa safari kwa kutumia mfano wa Kidatu na Ifakara katika Bonde la Kilombero. Kwa mstari ulionyooka, miji hii miwili imeachana kwa kilomita kati ya 55 na 60. Barabara, ambayo hupita chini ya Milima ya Udzungwa kupitia Mang'ula na Kiberege, ina urefu wa kilomita zipatazo 67.

Ndege ndogo iendayo kilomita 200 kwa saa ingekaa angani kwa dakika zisizozidi 18. Gari liendalo kilomita 60 kwa saa hutumia dakika 67. Hata hivyo, kabla ya lami, masika yalipoigeuza barabara kuwa tope, gari lililolazimika kwenda kilomita 20 kwa saa lilihitaji zaidi ya saa tatu. Umbali haukubadilika, kilichobadilika ni muda.

Tofauti hii si ya hesabu tu. Kwa mjamzito anayepelekwa kwa rufaa katika Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, saa mbili zinazoongezeka njiani zaweza kuamua uhai wake. Wala ndege si jibu jepesi, kwani ikiitwa kutoka mbali, muda wa kuingoja nao huhesabiwa. Kwa hiyo, ufikiaji wa huduma hauna budi kupimwa kwa saa za msimu mgumu zaidi, si kwa kilomita za ramani.