Vipimo vya Usimamizi wa Hifadhi za Bahari

Kutangaza eneo la bahari kuwa hifadhi ni tendo la kisheria linalokamilika siku moja, lakini kujua kama eneo hilo linasimamiwa ipasavyo huhitaji ufuatiliaji, yaani ukusanyaji wa takwimu zilezile kwa njia ileile mwaka hadi mwaka, pamoja na tathmini, ambayo huzipima takwimu hizo dhidi ya malengo yaliyowekwa. Mwongozo uliotolewa mwaka 2004 na Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira (IUCN) na washirika wake ulipendekeza viashiria 42, yaani mambo yanayopimika na kudokeza hali ya jambo pana zaidi: 10 vinahusu viumbe na mazingira yao, 16 jamii na uchumi, na 16 utawala.

Umuhimu wa kuchagua viashiria vizuri unaonekana nchini Kenya, ambako hifadhi za Malindi na Watamu zilianzishwa mwaka 1968. Katika miamba inayovuliwa kupita kiasi, kikande, samaki anayekula nungunungu wa bahari, hupungua, na nungunungu hao wakiongezeka huukwangua mwamba na kuudhoofisha. Kwa hiyo hesabu ya viumbe hao wawili, ikifanywa ndani na nje ya hifadhi, hueleza mengi kuhusu athari za uvuvi bila kuhitaji vifaa vya gharama kubwa.

Hata hivyo, takwimu za ndani ya hifadhi pekee zinaweza kupotosha. Mwaka 1998 joto la bahari liliyafanya matumbawe ya Bahari ya Hindi yapauke na mengi yakafa, hata yale yaliyolindwa vyema. Bila takwimu za awali na eneo la ulinganisho, msimamizi angeweza kulaumiwa kwa madhara yaliyosababishwa na tabianchi.

Aidha, idadi ya doria na semina huonyesha kazi iliyofanywa, wala si matokeo yake kwa bahari na watu. Katika Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995 ikiwa na vijiji ndani ya mipaka yake, kipato cha wavuvi na ushiriki wao katika maamuzi ni vipimo vya lazima. Tathmini isiyogusa hayo, na ambayo matokeo yake hayabadilishi mpango wa usimamizi, ni gharama isiyo na faida.