Stara ya Fedha

Mtu aingiapo sokoni asubuhi na noti ya shilingi elfu kumi katika pindo la kanga, akanunua samaki, nazi na mafungu mawili ya mchicha, kisha akarudi kwake kupika, hakuna ajuaye habari za ununuzi ule ila yeye na waliomwuzia. Noti hukunjuliwa, ikapokewa, ikachanganyika na nyingine katika kikapu cha muuzaji, wala haina ulimi wa kusema imetoka kwa nani au imelipia nini. Ukimya huo, ambao tumeuzoea hata hatuuhesabu kuwa neema, mimi nauita stara ya fedha. Na nia yangu katika makala haya ni kueleza jinsi stara hiyo ilivyopungua, jinsi wataalamu wa hesabu walivyojaribu kuirejesha, na kwa nini Bitcoin, ambayo wengi huisifu kwa uhuru na kwa siri pamoja, imetupa uhuru bila ya kutupa siri.

Fedha ikigeuka kuwa tarakimu haiwezi kutembea peke yake. Yahitaji karani wa kuiandika. Tangu M-Pesa, huduma ya kutuma fedha kwa simu, ilipoanza Kenya mwezi wa Machi 2007, watu wa Afrika Mashariki wamepata nafuu kubwa, na mimi siikani: mama aliye kijijini hupokea msaada wa mwanawe pale pale alipoketi, bila ya kupanda basi wala kuhofu wezi wa njiani. Walakini kila malipo ya namna hii huacha mstari katika daftari la mtu mwingine, penye nambari ya mtumaji, jina la mpokeaji, kiasi, siku na saa. Mchango wa msiba, ujira wa tabibu, sadaka, karo ya mtoto ambaye jamaa hawana habari naye, yote hukaa humo kwa taratibu. Na mwenye kuisoma mistari ya mwaka mmoja humjua mtu kuliko jirani aliyepakana naye miaka ishirini.

Hatari hiyo ilitambuliwa mapema. Mwaka 1982 David Chaum, mtaalamu wa Kimarekani wa elimu ya maandishi ya siri, alionyesha kuwa benki yaweza kuidhinisha fedha ya tarakimu pasipo kujua itatumiwa wapi, na mfano wa bahasha huifafanua hekima yake. Chukua karatasi ndogo, uandike nambari ndefu uliyoibuni mwenyewe, uitie katika bahasha iliyotandikwa kaboni ndani, uifunge, uipeleke benki. Karani atatoa shilingi mia katika akiba yako, kisha atatia sahihi juu ya bahasha bila ya kuifungua, na kaboni itaipitisha sahihi hiyo mpaka kwenye karatasi iliyomo. Ukifika kwako utaitoa karatasi, nayo imekwisha kuwa fedha halali. Na siku muuzaji atakapoirudisha benki, karani ataitambua sahihi yake, ataandika nambari ili isitumiwe mara ya pili, na atalipa, lakini hataweza kusema ilitoka katika bahasha ya nani, maana nambari ile hakuiona alipotia sahihi. Chaum aliishona bahasha hiyo kwa hesabu tupu, na mwaka 1989 akaanzisha kampuni ya DigiCash mjini Amsterdam. Mwaka 1998 kampuni ilifilisika, kwa kuwa benki zilizoikubali zilikuwa chache, na fedha yake haikuweza kuishi bila ya benki.

Ndipo likabaki swali la pili: je, karani mwenyewe aweza kuondolewa? Tarehe 31 Oktoba 2008, katika majira ambayo benki kubwa za Marekani na Ulaya zilikuwa zikiokolewa kwa mali ya umma, mtu au watu waliojisitiri kwa jina la Satoshi Nakamoto walitoa waraka wa kurasa tisa, na tarehe 3 Januari 2009 Bitcoin ikaanza kazi. Daftari lake halikai kwa mtu mmoja, bali nakala zake zimetawanyika katika maelfu ya kompyuta duniani. Kila dakika kumi hivi huongezwa ukurasa mpya na kompyuta iliyotangulia kufumbua fumbo la hesabu linalokula umeme mwingi, na kila ukurasa hubeba alama ya ule uliotangulia. Hata mwenye kutaka kufuta mstari mmoja wa zamani atalazimika kuirudia kazi yote iliyofanywa baada yake, huku kompyuta za wengine zikizidi kusonga mbele. Sarafu zake hazitapita milioni 21. Uhuru uliomo katika jambo hili si wa maneno. Mwezi wa Desemba 2010 Visa, Mastercard na PayPal zilipoifungia WikiLeaks, kundi la kufichua nyaraka za siri, mlango wa michango pasipo hukumu ya mahakama, kundi lile lilibaki kama mtu aliyeondolewa sokoni. Mwezi wa Juni 2011 lilianza kupokea Bitcoin, na hapakuwapo karani wa kumkataza mchangaji.

Lakini daftari lililo kwa watu wote husomwa na watu wote. Majina hayamo, mna anwani za herufi na tarakimu tu, na anwani ni kama ushungi: siku mvaaji atakapotambuliwa mara moja, kila njia aliyopita nao hujulikana. Mwezi wa Mei 2021 wahalifu walioifungia kompyuta zake kampuni ya bomba la mafuta ya Colonial Pipeline huko Marekani walilipwa Bitcoin 75 hivi, na mwezi uliofuata wapelelezi, wakifuata nyayo katika daftari lile lile, walizirudisha 63.7. Mwizi kunyang'anywa ni insafu. Ila jicho lile lile humwangukia na asiye na kosa. Mfanyakazi alipwaye mshahara kwa Bitcoin, kisha akamlipa fundi seremala kwa anwani ile ile, amemfunulia fundi kipato chake, habari ambayo karani wa benki hana ruhusa ya kuitangaza. Sarafu nyingine za tarakimu, Monero ya mwaka 2014 na Zcash ya mwaka 2016, zilibuniwa ili kuliziba tundu hilo.

Wako waulizao asiye na hatia ana nini cha kuficha. Nawajibu kuwa stara si dalili ya hatia. Mgonjwa hufungiwa mlango na tabibu, na mke apigwaye na mumewe huweka akiba kimya ili apate nauli ya kurudi kwao. Akiba hiyo ikionekana, huenda asifike. Lakini nakiri kwamba fedha isiyoonekana kabisa humfaa pia mla rushwa, na kwamba mwenye kuupoteza ufunguo wake wa siri, yaani tarakimu za kuidhinishia malipo yake, katika fedha isiyo na bwana hana mlango wa kubisha.

Kwa hiyo naona njia ya Chaum ingali na thamani, kwa kuwa humsitiri anayelipa na kumwacha wazi anayepokea, ili kodi ijulikane na hongo isipate maficho. Mwaka 2021, pamoja na wenzake Christian Grothoff na Thomas Moser, katika waraka uliotolewa na Benki ya Taifa ya Uswisi, Chaum alieleza jinsi benki kuu iwezavyo kutoa fedha ya tarakimu juu ya msingi huo. Jambo hili latuhusu, maana mwezi wa Februari 2022 Benki Kuu ya Kenya ilitoa waraka wa kuomba maoni juu ya fedha ya namna hiyo. Siku wananchi watakapoulizwa tena, Kenya au katika nchi jirani, wasiulize bei na wepesi peke yake. Waulize nani atalisoma daftari, na wadai kwamba mnunuzi wa samaki na mchicha abaki na stara aliyokuwa nayo alipolipa kwa noti.